Jicho Zima Ndilo Hufungwa

Mama yangu hakuamini alichokiona, akamwambia daktari, "Mvue."

Daktari akamvua mpwa wangu ile fremu nzito ya majaribio, ya chuma, inayotiwa vioo kimoja kimoja mpaka kipatikane kinachofaa. Jicho la kushoto la mtoto likateleza polepole kuelekea puani, mahali lilipokuwa likiishi tangu alipoanza kutembea.

"Mvishe."

Akamvisha. Jicho likatoka puani, likasogea katikati, likatulia sambamba na mwenzake. Lilikwenda kama mtoto aliyeitwa kutoka mchezoni: kwanza lilisita, kisha likaja moja kwa moja.

"Mvue tena."

Tulikuwa katika chumba cha kituo cha afya pale Kibiti, ambako madaktari wa macho kutoka mjini walikuwa wamepiga kambi. Nilikaa kwenye benchi, mtu mzima mwenye shahada mbili na kitambi kimoja, na moyo ulinidunda kama shabiki aliyeona timu yake inasawazisha. Nilitaka kupiga kelele. Nilijizuia kwa sababu ya watu waliokuwa kwenye foleni mlangoni, ambao tayari walikuwa wakimlaumu mama kwa kuchelewesha kazi kwa vua-vaa yake.

"Humo ndani mna dawa gani?" mama akauliza.

"Hamna dawa, mama. Ni kioo tu." Daktari alikuwa dada mmoja mpole ambaye hakuonekana kuwa na haraka. "Macho ya mtoto huyu ili yaone lazima yajikaze. Yakijikaza sana yanavutwa ndani, hasa hili. Kioo kinayabebea ule mzigo, kwa hiyo hayana haja ya kujikaza."

"Kumbe kioo ni mpagazi."

"Ndiyo, mama. Mpagazi."

Ningeachiwa mimi kazi ya kueleza, ningeanzia Wayunani, na mama angekuwa keshalala.

Kisha daktari akasema jambo la pili, na sauti yake ikabadilika. Kwa kuwa jicho la kushoto lilikuwa limekaa upande muda mrefu, ubongo wa mtoto ulikuwa umeacha kulisikiliza. Miwani ingelinyoosha, lakini kulinyoosha si kuliamsha. Ilibidi kila siku, kwa saa kadhaa, jicho la kulia lililo zima lizibwe kwa plasta, ili la kushoto lilazimike kufanya kazi, na mtoto apewe shughuli ya karibu, ya mikono.

"Tukichelewa," alisema, "jicho litakuwepo, zuri la kutazamwa, lakini litaona ukungu maisha yake yote. Akishakua, hata miwani haitasaidia. Muda bado upo, ila si mwingi. Sisi tutarudi hapa baada ya mavuno ya mpunga. Nitampima tena, nione kama limeamka."

Mpwa wangu, mwenye miaka mitano, alikuwa akitumia mkutano huo kulamba fremu.

Mimi nina historia na mambo haya. Utotoni jicho langu moja likichoka lilikuwa linakwenda nje, kama mlinzi anayechungulia kama chai inaletwa. Wakubwa walisema litaacha lenyewe. Liliacha kweli. Nikasoma, nikaoa, nikanenepa, na nilipovuka miaka arobaini likarudi na ubunifu mpya: nikaanza kuona kila kitu viwili. Milango miwili, na mmoja tu ndio unaopitika. Sasa navaa miwani ya prizimu. Vioo vyake vimechongwa mshazari, upande mmoja mnene kuliko mwingine, na vinaupinda mwanga ili picha mbili zikutane ziwe moja. Nikiivua, au ikiteleza kwa jasho, picha zinaachana na dunia inarudi kuwa pacha. Kwa hiyo nilipoliona jicho la mtoto yule likirejea mahali pake, sikuwa mtazamaji asiye na upande.

Miwani ya mpwa wangu ilitengenezwa Dar es Salaam, nami ndiye niliyeshuka nayo nyumbani. Vioo vilikuwa vinene, na nyuma yake macho yake yakawa makubwa na ya mviringo. Kitu cha kwanza alichokitazama ni uso wa bibi yake. Akautazama kwa muda mrefu mno kwa adabu za kwetu.

"Bibi, una mistari."

"Wapi?"

"Uso wote."

"Kanichora babu yako huyo," mama akasema. "Na wewe mke mwenzangu ukae naye tu, utachorwa."

Watoto wa jirani hawakuchelewa. Kufikia jioni walikuwa wamemwita komba, yule mnyama wa miti mwenye macho kama vifuniko vya soda. Yeye akawajibu kwamba komba anaona hata gizani, je wao wanaona nini? Nilirudi Dar nikiwa na furaha ya kipumbavu. Nilikuwa nimemwelekeza dada yangu mdogo, mama yake mtoto, habari ya plasta: jicho la kulia, lile zima. Akasema, nimesikia kaka. Mama yangu alikuwa amekaa pembeni akitikisa kichwa, nami nikadhani anakubali.

Mpunga ulipoanza kukomaa, dada yangu alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo aliyekwenda bondeni na bibi ni mpwa wangu, kama watoto wa kwetu wanavyokwenda kila mwaka. Kuamia ndege ni kazi ya kutwa. Mnahamia shambani kabisa, mnakaa juu ya dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa kwa nguzo ndefu na ngazi ya kupandia, na kutoka huko juu mnawafukuza kweleakwelea kwa kelele, makopo na teo, lile kombeo la kurushia vidonge vya udongo. Na haiamiwi shamba moja tu. Ndege ukiwafukuza kwako wanakwenda kwa jirani, kwa hiyo dungu linalowaona kwanza hupaza sauti, la pili hupokea, na la tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho wa bonde, kila mtu akae tayari. Dungu la mama liko upande wa mto, ambako ndege huingilia. Ndilo la kwanza. Likikosea la kwanza, wanalia wote.

Niliomba likizo, nikaenda. Bodaboda ilinishusha ng'ambo ya kijiji cha Mtunda, mahali ambapo barabara inakata tamaa, nikaendelea kwa miguu juu ya matuta. Kwa mbali nilimwona mpwa wangu juu ya dungu, miwani ikimeta. Nikapunga mkono. Akapunga. Nikafurahi: ananiona kutoka kule kote.

Nilipokaribia nikajua kwa nini ananiona. Plasta ilikuwa imebandikwa jicho la kushoto.

"Shikamoo, mama. Nani kaibandika hii plasta?"

"Marahaba. Mie. Kwani imekaa upande?"

"Imekaa vizuri. Ila jicho silo."

"Ndilo. La kushoto ndilo bovu. Plasta inakaa penye kidonda, baba. Huwezi ukawa na kidonda mguuni ukafunga mkono."

"Lakini daktari alisema lifungwe zima."

"Alisema. Na siku ya kwanza nikalifunga hilo zima. Akakosa ngazi, nikamdaka kwa kanga. Nikampandisha mwenyewe. Ndege wakatua mpunga ukainama, mie macho yangu hayafiki mbali, mtoto ananiambia, 'Bibi, leo mbona kimya?' Nikasema yule daktari kachanganya kulia na kushoto. Hutokea, kwa kusoma sana."

Aliposema kusoma sana hakuwa akimtazama mtoto.

Kuhusu ngazi alikuwa na haki. Lakini nilikuwa na fimbo na matope mbele yangu, na mtu aliyesoma akipewa vitu hivyo viwili hawezi kujizuia. Nikamchorea macho mawili, mishipa yake, na ubongo nyuma.

"Hilo fenesi ni nini?"

"Ubongo, mama."

"Wa nani?"

Nikaifuta ile picha kwa kandambili. "Mama, sikiliza. Lile jicho linalala. Ukilifunga, unalifunika shuka lilale zaidi. Wale madaktari wakirudi na bado limelala, basi tena. Tulipewa muda mpaka mavuno, na nusu yake tumeshaitumia kulilaza."

Mama akamtazama mtoto, ambaye alikuwa akining'iniza miguu huko juu na kutukagua kwa jicho moja kama mkaguzi wa shule.

"Na ndege?" akasema hatimaye.

"Ndege nitaamia mimi."

Mama alikwenda chini ya dungu, akarudi na teo, na kikapu cha vidonge vya udongo vilivyokaushwa juani. Akanikabidhi. Hata mtoto alicheka.

Sasa nieleze ninavyoamia. Kidonge changu cha kwanza kilikwenda nyuma. Cha pili kilikaa ndani ya teo wakati teo lenyewe lilipoondoka mkononi na kutua mpungani, na kweleakwelea hawakuona sababu ya kuondoka. Jirani wa dungu linalofuata, mzee wa Kimatumbi ambaye ni mtani wetu wa siku nyingi, alikuwa amesimama kabisa ili aone vizuri.

"Msomi!" akaita. "Huko chuoni ndege mlisomea kuwafuga?"

"Nawapigia hesabu kwanza, mtani."

"Hesabu taratibu. Nikikosa mpunga nahamia kwenu mpaka masika, na silali chini."

Niliona fahari, hata hivyo. Chini ya dungu mpwa wangu alikuwa amekaa na plasta kwenye jicho la kulia, mahali inapostahili, nami nilikuwa juu nikipata malengelenge kwa ajili ya sayansi.

Ndipo siku ya pili, jua likielekea kutua, nikaona kutoka upande wa mto moshi mweusi unaoviringika, na nikajua si moshi. Jasho lilikuwa limenijaa usoni. Nikasimama, nikavuta pumzi, nikapaza sauti kama inavyotakiwa.

"Wanakuja! Makundi mawili! Kulia na kushoto!"

Dungu la pili likapokea. La tatu likapokea. Habari ikateremka bonde zima kwa mpangilio mzuri ambao hata serikali ingeuonea wivu: makundi mawili, kulia na kushoto. Watu wakagawana. Nusu wakakimbilia upande wa kulia na makopo yao. Hapo nikahisi miwani imenifika ncha ya pua. Nikaisukuma juu. Makundi mawili yakasogeleana angani, yakawa moja, na hilo moja likatua lote upande wa kushoto, ambako watu walikuwa nusu.

Mtani alikuja mwenyewe kwa miguu. Nyuma yake walikuja wengine. Alisimama chini ya ngazi, akashika kiuno.

"Mtani, lile kundi la kulia limeishia wapi? Watu wangu wanalingoja mpaka sasa."

Nikashuka, nikawaeleza. Niliwaeleza kuhusu prizimu, na kuhusu jicho la mtoto, na kuhusu mavuno na madaktari. Hawakunikatiza. Nilipomaliza, mtani akaomba miwani yangu, akaivaa, akamtazama mama, akaivua haraka.

"Huyu mnamwachaje juu ya dungu?" akamuuliza mama.

"Simwachi," mama akasema. "Kuanzia kesho dungu ni la mke mwenzangu, kwa macho yote mawili."

Nikaanza kusema. Mama akaniinulia mkono.

"Daktari wako alitaja saa? Alisema asubuhi? Alisema jioni?"

"Alisema saa kadhaa kila siku. Awe anafanya kazi ya karibu."

"Basi adhuhuri. Jua likiwa kali ndege wanajificha kwenye miti, na sisi tunashuka. Hapo mfunge hilo jicho lako zima, mpaka jua lipoe. Asubuhi na jioni anapanda na macho yake yote."

Mtani akasema kwake mapatano hayo yanatosha, ilimradi mimi nisishike teo. Hayo ndiyo yaliyokuwa masharti, na niliyakubali mbele ya mashahidi.

Kwa hiyo kila adhuhuri, chini ya dungu kivulini, nilibandika plasta kwenye jicho la kulia la mpwa wangu, nikamvisha miwani juu yake, na mama akampa ukindu asuke ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa kuwa mkeka. Mikono midogo kwa kweli inaweza kusuka ukili ikiwa inaona. Yake haikuona. Siku za mwanzo alilia na kuibandua plasta, akaitupa mpungani. Alisema ninamzimia taa. Nilimwahidi pipi, nikamwahidi baiskeli, nikakaribia kumwahidi chuo kikuu.

Mama alichukua upande wa kanga akajifunga jicho lake mwenyewe.

"Haya, mke mwenzangu. Tumefungwa wote. Tutazame nani atasuka ovyo."

"Na mjomba?"

"Mjomba wako yake yameshajifunga."

Akasuka. Alikuwa akiuleta ukindu karibu kabisa na uso, mpaka ukigusa kioo, ulimi nje, na bado alikosea, na mama alikuwa hana huruma. "Fumua," alisema. Mtoto akafumua. "Fumua tena." Angetupita mtu njiani asiyejua, mtoto na bibi wamefungwa jicho mojamoja na mimi nimevaa vioo vyangu vya mshazari, angedhani tumetoka vitani na tumeshindwa.

Lakini mimi sikuwa natazama ukili. Nilikuwa natazama umbali. Mwanzoni ukindu ulikuwa puani. Kisha, bila yeye kujua, mikono yake ikashuka kidogo, usawa wa kidevu. Nikajisemea nisijidanganye. Siku chache baadaye ilikuwa kifuani. Nilimgusa mama kwa kiwiko, akanigusa na yeye kunionya ninyamaze, maana na yeye alikuwa ameona. Tulikaa pale watu wazima wawili tukitazama mikono ya mtoto ikishuka, kama watu wanaotazama maji ya mafuriko yakipungua kwenye nguzo. Siku ilipofika magotini, mahali bibi yake mwenyewe anaposukia, nilisimama nikazunguka dungu mara nyingi kuliko inavyompasa mtu wa rika langu. Mtani akauliza kwa mbali kama nimeumwa na siafu. Nikamwambia ndiyo.

Asubuhi na jioni alipanda na macho yake yote mawili, akapaza sauti, na bonde zima likamwamini. Mimi nilipika wali.

Mpunga ulipokwisha kuvunwa tukaenda Kibiti, sisi watatu. Sikulala usiku wa kuamkia siku hiyo, na mama hakulala pia, kwa kuwa nilimsikia akinisema kwa kutolala. Daktari alikuwa yuleyule. Akaziba jicho la kulia, akasimamisha mbali ule ubao wenye herufi zinazofanana na uma, meno yake yakielekea huku na kule, na mtoto akaonyesha kwa mkono meno ya kila moja yalikoelekea. Mara ya kwanza, siku ile ya fremu, alikuwa ameishia mstari wa juu, ile herufi kubwa ambayo hata ukuta ungeiona. Sasa akapita wa pili. Akapita wa tatu. Nilijikuta nikinyoosha mkono na mimi, juu, chini, kulia, mpaka daktari akaniomba nikae.

Alipofika alipokwama, daktari akaandika, akatabasamu kwanza kabla ya kusema.

"Limeamka. Bado lina usingizi kidogo, lakini limeamka. Endeleeni hivyohivyo."

Nilitaka kumkumbatia mtu, na aliyekuwa karibu ni mama, ambaye hakuwa na habari na mimi.

"Kakariri," akasema. "Ubao ni uleule wa siku ile."

"Mama, hawezi kukariri."

"Huyu? Kakariri majina ya wadeni wa duka zima la jirani."

Akamshika mtoto mkono, akamtoa nje mpaka kando ya barabara kuu, ambako malori yanapita yakielekea kusini. Ng'ambo kulikuwa na nguzo za umeme na waya. Mama akachuchumaa nyuma ya mjukuu wake, akapenyeza kiganja chini ya kioo cha kulia, akaliziba jicho zima sawasawa, hakuacha hata upenyo.

"Haya, mke mwenzangu. Pale juu kwenye waya. Uko dunguni sasa. Mtu wa chini anakungoja wewe."

Mtoto akatazama juu. Lori likapita. Akaendelea kutazama, shingo mbele, na nikaona jicho la kushoto nyuma ya kioo kinene limetulia pale katikati, halitikisiki.

"Wawili," akasema.

"Wanafanya nini?"

"Mmoja anajikuna. Mwingine katupa mgongo."

Mama alikodoa, lakini macho yake mwenyewe siku hizi hayafiki ng'ambo ya barabara. Akanigeukia.

"Kweli?"

Nilikuwa nimevua miwani, nikifuta kilichokuwa machoni, ambacho mpaka leo nasema ni jasho. Nikatazama juu. Kulikuwa na waya mbili zilizopishana, na juu yake ndege wanne, wawili wakijikuna, wawili wametupa mgongo.

"Kweli, mama," nikasema. "Wawili."